Moshi ya Mlimani na Moshi ya Reli: Historia ya Makao Makuu Yaliyohamishwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa vijana na wazee, Moshi)



Shukrani zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu aliyetukusanya leo chini ya mlima huu. Waandalizi wamenitaka niseme juu ya historia ya mji wetu, nami nitasema kwa kadiri ya muda niliopewa. Naomba nianze na jambo ambalo karibu kila mmoja wetu alilisikia utotoni, nalo si sahihi.

Jina lililotangulia reli

Husemwa kwamba mji huu uliitwa Moshi kwa sababu ya moshi wa garimoshi: eti watu waliokaa mlimani walipotazama chini waliona moshi ukipanda stesheni, wakasema, "Tunakwenda Moshi." Hadithi hiyo ni tamu, na mtoto huikumbuka upesi. Lakini tuitazame kwa akili. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911. Mmisionari Mwingereza Charles New alipanda mlima huu mwaka 1871 mpaka akaikanyaga theluji, na mahali alipopokewa, kwa Mangi Mandara, tayari palikuwa pakiitwa Moshi. Basi jina lilikuwapo miaka arobaini kabla ya garimoshi la kwanza. Wenyeji wa huko huitamka Mochi, na lugha yao ni Kimochi hadi leo.

Kwa nini nasumbuka na jambo dogo kama hili? Kwa sababu hadithi ya garimoshi inatufundisha, bila sisi kutambua, kwamba kabla ya mgeni kuleta chuma chake hapakuwa na kitu hapa, hata jina. La hasha! Moshi ilikuwapo. Ilikuwa na mtawala, na baraza, na askari, na soko, na habari zake zilifika hadi Ulaya. Haikuwa hapa tulipoketi, bali huko juu, upande wa Kidia na Tsudunyi, mahali ambapo sasa tunapaita Old Moshi, kana kwamba ni chakavu ya kitu kipya. Kumbe hiyo ndiyo Moshi yenyewe, nasi wa huku chini tuliazima jina lake.

Ua wa Mandara

Katika karne ya kumi na tisa mlima huu haukuwa na mfalme mmoja. Ulikuwa na nchi nyingi ndogo, kila moja ikiwa na Mangi wake: Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kilema, Marangu, na nyingine hadi Rombo. Baina ya nchi na nchi palikuwa na bonde na mto, na mara nyingi palikuwa na vita.

Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mandara, hakuwa na nchi kubwa. Alikuwa na jicho moja tu, lakini husemwa kwamba hilo moja liliona mbali. Alifahamu kwamba misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pangani na Mombasa ilihitaji mahali pa kupumzika, pa kupata ndizi na maji, na pa kununua pembe za ndovu. Akaifanya Moshi kuwa mahali hapo. Hatuna budi kusema kweli hata inapouma: katika biashara ile waliuzwa pia wanadamu, mateka wa vita vya jirani na jirani. Historia isiyotaja dhambi ya mtu wa kwetu si historia, ni sifa tu.

Ua wake ukawa kama mji mkuu wa mlima. Kiswahili kilisemwa barazani. Charles New aliporudi mara ya pili alinyang'anywa mali yake, akafa mwaka 1875 akiwa njiani kurudi pwani. Mwaka 1884 alifika Harry Johnston, Mwingereza mwingine. Mwaka 1885 alifika Karl Jühlke kwa niaba ya kampuni ya Wajerumani, akaondoka na mkataba. Mwaka 1889 wajumbe wa Mandara walifikishwa Berlin kwa mfalme wa Wajerumani, nao wakarudi na zawadi. Mandara aliamini kwamba amepata rafiki wa mbali wa kumsaidia dhidi ya adui wa karibu. Adui huyo alikuwa Mangi Sina wa Kibosho.

Hapa, vijana wangu, ndipo penye funzo la kwanza. Mwezi wa Februari 1891 Wajerumani chini ya Wissmann waliivamia Kibosho, na watu wa Moshi wakaenda pamoja nao kumpiga jirani yao. Mandara akafariki mwaka huohuo. Haukupita muda mrefu, bunduki zilezile zikageuzwa kuelekea Moshi. Aliyemshikia mgeni kurunzi aiangalie nyumba ya jirani asishangae usiku mwingine mwanga ukimulika kwake.

Mangi Meli

Mandara alirithiwa na mwanawe Meli, kijana bado. Mwezi wa Juni 1892 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Luteni von Bülow kilipanda kuishambulia Moshi. Watu wa Meli wakakishinda, na Bülow mwenyewe akafa kwa majeraha. Habari ile ilitikisa watu hadi pwani. Lakini mwezi wa Agosti 1893 von Schele mwenyewe alikuja na jeshi kubwa, na safari hii watu wa nchi nyingine za mlimani wakawa upande wake. Moshi ikashindwa. Baada ya hapo Wajerumani wakaihamishia Moshi kituo chao cha kijeshi kilichokuwa Marangu. Boma likajengwa, na Kapteni Johannes akawa ndiye mwenye neno la mwisho. Ua wa Mandara ukawa chini ya kivuli cha ngome.

Miaka saba Meli aliishi chini ya kivuli hicho, akitoa watu wa kufanya kazi na akiamriwa katika nchi ya baba yake. Hatimaye zikapelekwa kwa Wajerumani habari kwamba Wamangi wanapanga kuasi. Wanahistoria wengi wanaona kwamba husuda na fitina za Wamangi wao kwa wao zilikuwa na sehemu kubwa katika habari hizo. Tarehe 2 Machi 1900 watu kumi na tisa walinyongwa Moshi. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli, Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Fikirini jambo hili: Moshi na Kibosho, maadui wa jana, walikutana wakiwa ndugu chini ya kamba moja. Wangekutana hivyo miaka kumi nyuma, huenda kamba ile isingefungwa.

Kichwa cha Meli kilitengwa na mwili wake, na kwa kauli ya ukoo wake kikapelekwa Ujerumani. Katika zama zile wataalamu wa Berlin walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu waliotawaliwa, wakiyapima kama mtu apimavyo maboga, wakidai kutafuta elimu. Nitarejea kwenye jambo hili kabla ya kumaliza, kwani ndilo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Mji unateremka

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilikwenda polepole, ikafika Korogwe, ikafika Mombo, ikapita kando ya milima ya Upare, hata mwaka 1911 ikafika chini ya Kilimanjaro. Garimoshi halipandi mlima kama mbuzi. Lilisimama tambarare, na mahali liliposimama pakaitwa Moshi Mpya. Maduka yakajengwa kuizunguka stesheni. Mwezi wa Machi 1916 jeshi la Waingereza liliutwaa mji, na njia nyingine ya reli ikaungwa kutoka Voi kupitia Taveta. Katika utawala wao ofisi za serikali zikawa huku chini, na boma la mlimani likabaki kimya.

Hivyo ndivyo makao makuu yalivyohamishwa. Hakuna Mangi aliyeulizwa. Wakati wa Mandara aliyetaka neno kubwa alipanda mlima. Tangu siku hiyo ikawa lazima ateremke.

Delhi na Moshi

Ndugu zangu, mwaka ule ule wa 1911, ng'ambo ya bahari, yalihamishwa makao makuu mengine makubwa zaidi. Mwezi wa Desemba mfalme wa Uingereza alitangaza akiwa Delhi kwamba mji mkuu wa Bara Hindi utaondolewa Calcutta na kurudishwa Delhi. Nautaja mji huo kwa sababu wengi wa wenye maduka na mafundi waliokuja kuijenga Moshi ya chini walitoka Gujarat, Punjab na sehemu nyingine za nchi hiyo, na kwa sababu habari yake inafanana na yetu kwa namna ya kushangaza.

Delhi si mji mmoja. Ni miji mingi iliyojengwa kwa zamu, mmoja kando ya magofu ya mwingine. Mfalme Shah Jahan alianza kujenga ngome yake nyekundu na mji wake mwaka 1639. Uzao wake ulitawala humo, kwanza kwa nguvu, kisha kwa jina tu, hata mwaka 1857 watu walipoinuka dhidi ya Waingereza. Delhi ilipotekwa tena, wana wa mfalme walipigwa risasi penye lango ambalo tangu hapo laitwa Lango la Damu. Mfalme mwenyewe, mzee Bahadur Shah Zafar, alihukumiwa ndani ya ngome ya babu zake akapelekwa uhamishoni Rangoon, huko Burma. Akafariki tarehe 7 Novemba 1862 na kuzikwa siku hiyohiyo, na ardhi ikasawazishwa ili kaburi lisijulikane. Likasahauliwa kweli. Mwaka 1991 ndipo wafanyakazi waliokuwa wakichimba mtaro walipogonga matofali, na kaburi likapatikana.

Waingereza walijenga Delhi Mpya wakaizindua mwaka 1931, yenye barabara pana na majumba ya kutisha. Miaka kumi na sita tu baadaye, mwaka 1947, wakaondoka. Lakini mfalme wa mwisho wa Delhi ya kale bado amelala Rangoon. Mji ulijengwa upya, naye hakurudi.

Sasa mwaona kwa nini nimevuka bahari. Delhi ina mfalme aliyezikwa mbali na mji wake, na Moshi ina Mangi ambaye kichwa chake hakikuzikwa nyumbani. Miji yote miwili ilijengewa mwenzake mpya, na wenye kujenga wakadhani kwamba jengo jipya hufuta kaburi la kale.

Mji wa watu wengi

Tusidhani, hata hivyo, kwamba Moshi ya chini ni mali ya wageni. Iliwashinda waliouanzisha. Mapadri wa Kilema walipanda kahawa katika miaka ya 1890, na baadaye Mchagga akaipanda katika kihamba chake, chini ya migomba, akiinyweshea kwa mifereji ambayo babu zake waliichimba. Masetla hawakufurahi kuona Mwafrika akilima zao lao. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, akiwamo Joseph Merinyo katika uongozi wake. Na mwaka 1933 kikafuatwa na KNCU, chama cha ushirika ambacho jina lake lilijulikana Afrika nzima. Kahawa iliyochumwa kwa vidole vya mama zetu Kibosho na Machame ilipimwa na kuuzwa mjini Moshi, na kwa fedha yake shule zikajengwa.

Mwaka 1952 Thomas Marealle alisimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, na baraza lake likawa hapa mjini. Mlima uliokuwa na Wamangi wengi ukapata mmoja, naye hakukaa mlimani. Mwaka 1960 kura za watu zikauondoa utaratibu huo. Tarehe 9 Desemba 1961 mwenge ukawashwa kileleni, na baada ya Uhuru utawala wa Wamangi ukafikia mwisho.

Tembeeni Moshi leo, muisome kama kitabu. Hekalu la Wahindu lipo, na la Masingasinga, msikiti wa Riadha upo, makanisa yapo. Majengo, Njoro, Pasua, Bondeni, Kiusa: humo walikaa Wapare, Wasambaa, Wanyamwezi, Wazigua, Waswahili wa pwani, watu waliokuja na reli, na mkonge, na kahawa, wasirudi tena kwao. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu laki mbili na elfu ishirini katika manispaa hii. Reli yenyewe ilinyamaza miaka mingi. Garimoshi la abiria liliporudi mwezi wa Desemba 2019, watu wazima walisimama kando ya njia wakipunga mikono kama watoto.

Wasiozikwa

Sasa nirejee kwenye jambo nililoliahidi. Mjukuu wa Mangi Meli alitumia miongo mingi ya maisha yake akiuliza swali moja: kichwa cha babu yangu kiko wapi? Mwaka 2018 alitoa mate yake yapimwe vinasaba. Mwaka 2019 kumbukumbu ya Mangi Meli ilifunguliwa Old Moshi, karibu na mti wa kunyongea. Mwezi wa Septemba 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba, katika mafuvu zaidi ya elfu moja na mia moja waliyoyachunguza kutoka Afrika Mashariki, matatu yamepatiwa jamaa walio hai, nao ni Wachagga. Moja lilikuwa la akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuonekana katika matokeo hayo.

Pengine mtu atasema: sisi ni Waislamu, yule hakuwa Mwislamu, yatuhusu nini? Jibu tunalo katika mwenendo wa Mtume Mtukufu s.a.w. Jeneza la Myahudi lilipita mbele yake, naye akasimama. Masahaba walipomkumbusha kwamba ni Myahudi, aliwajibu kwamba naye ni nafsi. Basi Mangi Meli naye ni nafsi. Na akida yule ni nafsi. Mwanadamu hawi kitu cha kabatini kwa sababu alishindwa vita.

Wala wasiozikwa si hao tu. Katika vita vya 1914 hadi 1918 maelfu kwa maelfu ya wapagazi Waafrika walikufa kwa njaa na maradhi katika nchi hizi. Hapa Moshi makaburi ya askari wa vita hivyo yamepangwa kwa safu, kila jiwe na jina lake. Wapagazi hawana mawe. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wenzao, nayo ikaomba radhi. Ni vizuri kwamba ilikiri. Lakini jina lililopotea halirudi kwa kukiri.

Wajibu wetu

Nilipanda Old Moshi na vijana wachache mpaka kwenye mti ule wa Tsudunyi. Mmoja wao alizaliwa Pasua. Aliniambia kwamba tangu utotoni huuona mlima kila asubuhi anapofungua mlango, na hakuwahi kufika pale, ingawa nauli yake si kubwa. Alisimama muda mrefu bila kusema, kisha akauliza, "Mzee, mbona shuleni walituambia Moshi ni moshi wa treni?" Sikuwa na la kujibu ila kwamba sisi wazee tulinyamaza.

Kwa hiyo nawausieni mambo matatu. La kwanza, pandeni. Msiishi chini ya mlima kama wapangaji wasiomjua mwenye nyumba. La pili, waulizeni wazee wenu wakiwa hai, muandike: nani alikuja na reli, nani alifungua duka, nani alizikwa wapi. Mzee akifariki bila kuulizwa, amezikwa mara mbili. La tatu, ogopeni fitina. Mlima huu haukushindwa kwa mizinga tu. Ulishindwa kwa sababu kila Mangi aliona furaha katika msiba wa jirani yake. Mahali pa fitina ile pako wazi hata leo, katika mtaa, katika chama, hata katika safu za sala.

Miji hujengwa na kuhamishwa. Moshi ilikuwa juu, ikateremka. Kesho huenda ikahamia pengine kwa ajili ya barabara au kitu tusichokijua. Heshima ya mji ni namna unavyowatunza watu wake, walio hai na waliokufa, wenye majina na wasio na majina.

Mwenyezi Mungu awarudishe nyumbani waliochukuliwa, awape subira wanaowangoja, na atujaalie sisi kuwa watu wasiosahau. Amin.

Wassalaam.